Nafasi ya Mwaliko: Victoria Mboko na Ubingwa wa Montréal

Usiku wa kuamkia Ijumaa, Agosti 8, 2025, kwa saa za Afrika Mashariki, msichana wa miaka 18 aliyekuwa nafasi ya 85 katika orodha ya ubora wa tenisi duniani alimshinda Naomi Osaka kwa seti 2-6, 6-4, 6-1, akatwaa ubingwa wa wanawake katika mashindano ya wazi ya Kanada mjini Montréal. Anaitwa Victoria Mboko. Vyombo vingi vya habari vilimweleza kama binti aliyezuka kutoka pasipojulikana. Mimi nilianza kumfuatilia tangu mechi yake ya kwanza kwa sababu mbili. Kwanza, jina lake nilikuwa nimelisikia miaka mitatu nyuma, akiwa upande ulioshindwa siku Mkenya Angella Okutoyi alipobeba kombe la wasichana wawili wawili Wimbledon. Pili, nilipopitia ratiba niliona kwamba Montréal ameingizwa kwa nafasi ya mwaliko, yaani kiti ambacho mwandalizi humpa amtakaye bila kujali orodha ya ubora, na suala la nani hualikwa na nani hualika limekuwa likinikera kwa muda mrefu.

Ni vyema kueleza kwanza mashindano yenyewe yalivyo, kwa kuwa wengi wetu tunaoishi huku huyaona mwishoni tu, mshindi akiwa tayari ameinua kombe. Mashindano ya Kanada ni ya daraja la 1000, yaani ngazi moja chini ya yale manne makubwa ya Melbourne, Paris, London na New York, na bingwa huondoka na pointi 1,000 za orodha ya ubora. Hufanyika katika miji miwili kwa wakati mmoja, Montréal na Toronto, na kila mwaka wanawake na wanaume hubadilishana miji. Mwaka 2025 yaliongezwa urefu yakafikia siku 12 na wachezaji 96 wa mmoja mmoja. Wachezaji 32 waliopangwa juu hawachezi raundi ya kwanza, huanzia ya pili. Kwa hiyo mtu kama Coco Gauff, aliyepangwa wa kwanza baada ya Aryna Sabalenka kujiondoa, alihitaji kushinda mechi sita ili awe bingwa, na Mboko alihitaji saba.

Jioni hiyohiyo ya fainali ya Mboko, Ben Shelton wa Marekani alishinda upande wa wanaume kule Toronto na kupewa dola 1,124,380. Mboko alipewa dola 752,275. Jina la mashindano ni lilelile, wadhamini ni walewale na juma ni lilelile, na katika ngazi hii wanaume nao hucheza seti tatu kama wanawake, hivyo hata ile hoja ya kwamba mwanamume hukaa uwanjani muda mrefu zaidi haina pa kusimama. Chama cha tenisi ya wanawake, WTA, kimeahidi kwamba tofauti hizi zitazibwa hatua kwa hatua. Ninaitaja kwa kupita tu, maana jambo langu ni la mlangoni, kabla hata ya fedha kugawiwa.

Mboko alizaliwa Charlotte, jimbo la North Carolina nchini Marekani, Agosti 2006, akiwa kitinda mimba wa watoto wanne wa wazazi waliohama Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 1999 kwa sababu ya machafuko ya kisiasa. Familia ilihamia Kanada akiwa bado mdogo, na akakulia Burlington, mji ulio karibu na Toronto. Dada na kaka zake walicheza tenisi kabla yake, naye aliwafuata uwanjani kama mdogo yeyote anavyowafuata wakubwa. Januari 2025 alikuwa nafasi ya 333. Mtu wa nafasi hiyo hapangiwi viwanja vyenye televisheni. Huanzia kwenye mashindano madogo ya Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, ITF, ambako watazamaji wanahesabika na zawadi haimalizi hata gharama za safari. Yeye alianzia visiwa vya Martinique na Guadeloupe, na akashinda mechi 22 mfululizo kabla ya kupoteza ya kwanza mwaka huo. Kocha wake alikuwa Nathalie Tauziat, Mfaransa aliyecheza fainali ya Wimbledon mwaka 1998.

Kwa hiyo anayesema kwamba alizuka tu hakuwa akiangalia. Mwezi Mei, mjini Roma, alimnyang'anya Gauff seti ya kwanza kabla ya kushindwa 3-6, 6-2, 6-1. Katika Roland Garros, yale mashindano makubwa ya Paris, alipitia mchujo akafika raundi ya tatu. Wimbledon alitolewa katika mchujo, akaitwa kuziba pengo la mchezaji aliyejitoa, na akashinda mechi moja. Kisha mwezi Julai, mjini Washington, Elena Rybakina alimfunga 6-3, 7-5. Nawaomba wasomaji wayakumbuke majina hayo mawili, Gauff na Rybakina, kwa sababu alikutana nao tena baada ya siku chache tu.

Raundi za mwanzo za Montréal nazipita haraka. Alimtoa Kimberly Birrell wa Australia 7-5, 6-3. Akamtoa Sofia Kenin, bingwa wa Australia wa mwaka 2020, 6-2, 6-3. Dhidi ya Marie Bouzkova wa Jamhuri ya Czech alianza vibaya kwa kupoteza seti 6-1, akageuka na kushinda 6-3, 6-0. Wakati huo macho ya wenyeji yalikuwa kwingine. Eugenie Bouchard, mzaliwa wa Montréal, alikuwa akiagana na tenisi katika mashindano hayohayo, na Leylah Fernandez, mzaliwa mwingine wa mji huo, alikuwa ametoka kubeba kombe la Washington lakini akatolewa na Maya Joint katika mechi yake ya kwanza. Mkanada aliyebaki akawa huyu wa Burlington, na kuanzia hapo uwanja mzima ulikuwa ukiimba "Allez, Vicky", yaani "Songa mbele, Vicky" kwa Kifaransa.

Mechi na Gauff ilichukua dakika 62 tu, 6-1, 6-4. Ni kweli kwamba Gauff, bingwa wa Roland Garros wa mwaka huohuo, alikuwa na tatizo kubwa la sevu, yaani ule mpira wa kuanzisha pointi. Katika mechi yake na Danielle Collins, katika mashindano haya haya, alifanya makosa mawili mfululizo ya sevu mara 23, na katika mechi iliyofuata mara 14. Kuna waliosema kwamba Mboko alimkuta mtu mgonjwa. Sikubaliani nao kabisa. Kwenye sevu ya pili ya Gauff, Mboko alikuwa akisogea mbele hadi ndani ya mstari, akimwonyesha mwenzake waziwazi mahali alipo kabla mpira haujapigwa. Mtu mwenye wasiwasi na sevu yake, akiinua macho akamwona mpinzani amekaribia hivyo, wasiwasi huongezeka. Kumfanya mpinzani aogope kosa analolijua ni sehemu ya mchezo, tena ni sehemu ambayo msichana wa miaka 18 hatarajiwi kuijua.

Baada ya kumshinda Jessica Bouzas Maneiro wa Hispania 6-4, 6-2 katika robo fainali, alifika nusu fainali dhidi ya Rybakina, bingwa wa Wimbledon wa mwaka 2022, na kwangu mimi hii ndiyo iliyokuwa mechi ya mashindano. Wanaotaka kumwelewa Mboko waitazame hii kabla ya fainali. Seti ya kwanza aliipoteza 6-1. Rybakina hupiga sevu nzito na hapotezi muda kati ya pointi na pointi. Uso wake haubadiliki akishinda wala akishindwa, na mpinzani mchanga hujikuta akikimbizwa na mwendo usio wake. Seti ya pili Mboko aliichukua 7-5 kwa subira zaidi kuliko nguvu. Alianza kurudisha mipira katikati ya uwanja kwa kina, bila kutafuta pembe, akimlazimisha yule mrefu ainame na apige mpira mmoja zaidi ya alivyopenda.

Katika seti ya tatu alianguka na kujikinga kwa mkono wa kulia, mkono anaoshikia raketi. Mtaalamu wa tiba akaingia akamfunga kifundo cha mkono. Aliyewahi kucheza tenisi hata ya mtaani anajua kwamba kifundo ndicho kinachopokea mshtuko wa kila mpira. Mguu ukiuma unaweza kuchechemea, lakini kifundo kikiuma huna pa kuukwepa mpira. Rybakina akafika mahali pa kupiga sevu ya kumaliza mechi, akapata pointi ya mechi. Mboko aliiokoa, akaivunja sevu hiyo, yaani akashinda gemu ambayo Rybakina ndiye aliyekuwa akipiga sevu, na mechi ikaenda kwenye taibreki, ile gemu ya kuamua seti iliyofungana 6-6, akashinda 7-4. Ubao ulisomeka 1-6, 7-5, 7-6 baada ya saa mbili na dakika 46. Yule aliyemfunga Washington siku chache kabla alikuwa amebakiza pointi moja amfunge tena.

Asubuhi ya fainali Mboko alipelekwa kupigwa picha za kifundo hicho ili ijulikane kama hakijavunjika. Jioni aliingia uwanjani akiwa amekifunga. Osaka, bingwa mara nne wa mashindano makubwa, alikuwa akitafuta taji lake kubwa la kwanza tangu apate mtoto, na seti ya kwanza aliicheza kama Osaka wa zamani, 6-2. Baada ya hapo fainali ikawa ya kelele, makosa na sevu zilizovunjwa kila upande. Si mechi nzuri sana kwa mtu anayependa tenisi safi, na sioni haja ya kuipamba. Mboko alifanya makosa mengi ya sevu, lakini alivunja sevu za Osaka mara nyingi zaidi, na seti ya tatu ilikuwa ya upande mmoja, 6-1. Mpira wa mwisho wa Osaka ulipogonga wavu, Mboko alipiga magoti. Osaka naye alitoa hotuba fupi mno akasahau hata kumpongeza mshindi, jambo aliloliomba radhi baadaye. Waliomsakama mtandaoni usiku ule walisahau kwamba binadamu aliyetoka kupoteza fainali kwa namna ile si lazima awe mshereheshaji.

Katika mashindano hayo Mboko aliwashinda mabingwa wanne wa mashindano makubwa: Kenin, Gauff, Rybakina na Osaka. Serena Williams alifanya hivyo New York mwaka 1999, akiwa na miaka 17. Jumatatu iliyofuata, Mboko alikuwa ndani ya 25 bora.

Sasa nirudi kwenye nafasi ya mwaliko. Kila mashindano makubwa huacha viti vichache ambavyo havigawiwi kwa orodha ya ubora. Mwandalizi humpa amtakaye, na mara nyingi humpa kijana wa nyumbani, kwa sababu kijana wa nyumbani huuza tiketi na kwa sababu shirikisho la nchi ndilo linaloendesha mashindano. Zipo sababu nyingine, kama vile bingwa wa zamani anayerejea kutoka kwenye jeraha. Lakini kimsingi kiti hicho ni urithi wa nchi yenye mashindano. Marekani, Ufaransa na Australia hufika mbali zaidi: mashirikisho yao hubadilishana nafasi hizo, kijana wa Australia akaalikwa Paris na wa Ufaransa akaalikwa Melbourne. Asiye na mashindano makubwa hana cha kubadilishana.

Mwaliko haumpi mtu ushindi. Wengi wanaoalikwa hutolewa raundi ya kwanza na hakuna anayewakumbuka. Mboko mwenyewe, kwa nafasi ya 85, hakuwa mbali na kuingia kwa haki yake, na ninaamini angefika kileleni hata bila Montréal. Hata hivyo angefika baadaye. Mwaliko humpa mchezaji muda. Badala ya kutumia mwaka mzima akikusanya pointi kumi hapa na ishirini kule katika miji ambayo nauli yake inazidi zawadi yake, anapata wiki moja ya kujipima na walio bora, akiwa amelala nyumbani au karibu na nyumbani. Akishinda mechi mbili tu, amepata pointi ambazo mwenzake angezitafuta miezi.

Nalisema hili nikimfikiria Angella Okutoyi. Julai 2022, kwenye nyasi za Wimbledon, Okutoyi akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi alicheza fainali ya wasichana wawili wawili dhidi ya Wakanada wawili, Kayla Cross na huyu Victoria Mboko, aliyekuwa na miaka 15. Matokeo yalikuwa 3-6, 6-4, 11-9. Seti ya tatu ilikuwa ile taibreki ndefu ya pointi kumi, ambayo lazima ishindwe kwa tofauti ya pointi mbili, na tofauti ikawa mbili hasa. Okutoyi akawa Mkenya wa kwanza kutwaa taji la vijana katika mashindano makubwa. Mapema mwaka huo, mjini Melbourne, alikuwa ameshinda mechi ya vijana ya mmoja mmoja dhidi ya Federica Urgesi wa Italia, na hilo pia halikuwa limewahi kufanywa na msichana wa Kenya. Huyu ni binti aliyelelewa na bibi yake jijini Nairobi, pamoja na pacha wake, baada ya mama yao kufariki wakati wa kujifungua.

Sidai kwamba kwa kuwa walitofautiana pointi mbili siku ile, basi walistahili kufanana leo. Tenisi ya wawili si ya mmoja, na Mboko alikuwa mdogo kwa zaidi ya miaka miwili, jambo ambalo katika umri ule ni tofauti kubwa. Ninachouliza ni kila mmoja alikuta nini alipotoka uwanjani. Mboko alirudi katika nchi yenye shirikisho tajiri, viwanja vya ndani vya majira ya baridi, na mashindano ya daraja la 1000 yanayogawa mialiko kila mwaka. Okutoyi alirudi katika nchi ambayo mashindano ya ITF hufanyika Nairobi mara kwa mara kwa ngazi za chini, na kwenye bara ambalo kalenda ya WTA ya 2025 iliweka shindano la daraja la chini la 250 mjini Rabat, Morocco, huku kusini mwa Sahara kukiwa hakuna hata moja. Akachagua njia ya chuo, akaenda Auburn, jimbo la Alabama nchini Marekani, kusoma na kuchezea timu ya chuo kikuu. Ni uamuzi wa busara ambao wachezaji wengi wazuri wameufanya, na machi 2024 alikwenda Accra akarudi na dhahabu ya Michezo ya Afrika. Lakini chuo humlipia mchezaji masomo, malazi na kocha. Orodha ya ubora humsubiri nje ya lango.

Kwenye uwanja wa umma nilikojifunzia mimi, mtunza uwanja, mzee tuliyemwita Babu, alikuwa na ndoo ya mipira iliyokwisha hewa, na kila asubuhi aliichagua kwa kuiminya mmojammoja: ile iliyobonyea sana aliwapa watoto, ile yenye nafuu aliwawekea wanachama wanaolipa. Tulijifunza kupiga kwa nguvu kupita kiasi kwa sababu mipira yetu haikuruka. Siku nilipopewa mpira mpya kutoka kwenye kopo, niliupeleka nje ya uzio. Vijana wengi wa Afrika Mashariki wanaoingia kwenye mashindano yao ya kwanza ya kimataifa hupitia mshangao wa namna hiyo, tena wakiwa mbele ya watu na pointi zikihesabiwa.

Baada ya ushindi wa Montréal, rafiki yangu wa Lubumbashi aliniandikia kwa furaha kwamba mtoto wetu ameshinda. Nilimjibu kwa pongezi, maana furaha ya jirani haipimwi kwa mizani. Ila moyoni nilisita kidogo. Jina Mboko ni la Kongo na wazazi ni wa Kongo. Hakuna anayeweza kuwanyima Wakongo haki ya kushangilia. Lakini raketi, kocha, uwanja na mwaliko vilitoka Kanada, na ndiyo sababu bendera iliyopepea ilikuwa ya Kanada. Tunapopiga hesabu ya watoto wa Afrika wanaong'ara ughaibuni, mara nyingi tunajihesabia sifa bila kuhesabu gharama aliyelipa mwingine. Mayar Sherif wa Misri, aliyeshinda taji la WTA mjini Parma mwaka 2022 kwa kumfunga Maria Sakkari, yeye alilibeba jina la nchi ya Afrika kwenye ubao, naye sikumbuki kuona shangwe ya namna hii huku kwetu.

Wiki chache baada ya Montréal, Mboko alitolewa raundi ya kwanza New York na Barbora Krejcikova, 6-3, 6-2. Waliomtangaza malkia mpya wakanyamaza ghafla, kana kwamba siku 12 za Montréal zilikuwa zimefutwa. Mwezi Novemba alishinda taji la Hong Kong. Tangu Montréal hana haja tena ya kualikwa: kwa nafasi aliyopo, jina lake huingia kwenye orodha ya washiriki lenyewe, na mashindano ya Kanada ya mwaka unaofuata yanaweza kumpa kiti hicho Mkanada mwingine mwenye miaka 17 au 18. Kiti cha namna hiyo kikipatikana Nairobi, Kampala au Dar es Salaam, hata kwa daraja la 250, itabidi kwanza pawe na shirikisho linaloweza kulipa ada ya kuandaa, uwanja wenye viti na taa, na mdhamini asiyekimbia baada ya mwaka wa kwanza. Rabat wameweza. Ningependa kusikia kutoka kwa viongozi wetu wa tenisi iwapo kuna aliyewahi kuwauliza wa Rabat walianzaje.